Mlenda wa Siku ya Chumvi

Nimekoroga chumvi ya dukani kwenye maji ya moto nikande miguu, maana siku hizi hata kusimama ni kazi. Mvuke wake umenirudisha utotoni, kijijini Puge, wakati wa vita vya Wazungu, chumvi ilipoadimika madukani.

Mama alijaza udongo wa chumvi wa mbugani kwenye chungu chenye tundu chini, akamimina maji kidogo kidogo. Yalidondokea kwenye sufuria. Bibi, mkwe wake, alikaa kando akimsimamia.

"Onja tena."

"Bado makali, mama."

"Basi mimina. Ukali ukiisha, badilisha udongo."

Mama alionja tangu asubuhi, kisha akayachemsha maji yale mpaka yakakauka. Ikabaki chumvi ya kijivu, ikajaa kibuyu kidogo.

Jioni tulikula ugali kwa mlenda aliopika mama. Mlenda haukuwa na chumvi hata chembe; alisahau kuitia.

"Umekolea?" mama aliuliza. "Mimi ulimi umekufa ganzi."

Nikafungua mdomo nimwambie. Bibi akanifinya paja, akamega tonge jingine, akachovya.

"Umekolea, mwanangu."

Tukaendelea kula. Kibuyu kilikuwa pale pale karibu na mafiga, kimejaa, na hakuna aliyenyoosha mkono.