Mzee wa Koti la Kaki Njia ya Vudee

Sinywi pombe, na siku ile nilikuwa nimelala vizuri na kula nimekula. Nayasema haya mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa. Ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, saa kumi ya alasiri, wala si usiku wa manane. Mahali penyewe nikikupeleka kesho utapaona.

Mimi ni fundi hapa Same. Wenzangu wanatengeneza bodaboda, mimi napenda vyombo vya zamani: skuta za enzi za babu zetu, na yale malori ya pua ndefu ambayo vipuri vyake huvipati dukani mpaka ukavisake kwenye mabanda ya watu. Mke wangu husema nimeoa vyuma. Basi nikasikia kwamba juu huko Vudee kuna lori la aina hiyo, limekaa uwanjani miaka, na watoto wa mwenyewe wanaoishi Mwanga wanataka kuliuza likakatwekatwe. Nikampigia simu mmoja wao.

"Panda ukalione," akaniambia. "Mama yupo."

Baba hakumtaja. Nikajua ni marehemu.

Nikapanda na skuta yangu niliyoifufua kwa mikono yangu. Ramani nilikuwa nimeipakua kwenye simu, maana mtandao huko unakuja na kuondoka. Chini tambarare jua lilikuwa linachoma mgongo. Nusu ya mlima, ukungu. Ukungu wa Upare unaujua wewe? Haubishi hodi. Unakata kona moja tu, mlima wote haupo. Nikawasha taa, ikawa kama namulika ukuta mweupe. Skuta nayo ikaanza kukohoa, inavuta, inaacha, inavuta.

Nikafika njia panda. Ramani ikasema kulia, tena kulia ndiko karibu. Nilikuwa nimeshaanza kukata kona niliposikia sauti pembeni yangu:

"Zima."

Alikuwa mzee mrefu, koti la kaki, kofia ya sufu. Sikumwona akitokea. Mara hayupo, mara yupo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zima kwanza, injini inalia hiyo."

Nikazima. Akapiga goti kwenye tope, akafungua kifuniko cha ubavuni kana kwamba skuta ni yake, akaomba spana, akatoa plagi. Sasa niambie, plagi ya injini iliyotoka kupanda mlima unaishika kwa vidole vitupu? Yeye aliishika kama mtu anavyoshika karanga. Akaigeuzageuza.

"Nyeusi. Unachanganya oili nyingi kwenye petroli."

Akaifuta kwa pindo la koti, akairudisha. Kisha akaingiza bisibisi kwenye kabureta, akalegeza skrubu nusu mzunguko kuelekea kushoto, sikio lake limeinama kama daktari. "Piga kiki."

Niamini, ile skuta nimeishi nayo miaka minne na sikuwahi kuisikia ikinguruma vile. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

"Shika kushoto," akasema. "Ukivuka mfereji, nyumba ya pili. Lori utaliona uwanjani."

"Simu inasema kulia, mzee."

"Simu imefika huko lini?"

Hapo ndipo nikagutuka. Habari za lori nilikuwa sijamwambia. Lakini badala ya kuogopa nikashikwa na hamu ya kujua. Fundi kama huyu anaishi wapi, kwa nini sijawahi kumsikia? Nikamwomba apande nyuma twende wote.

"Mimi niko nyumbani tayari," akasema.

Nikadhani anaona aibu kunisumbua. Nikamshika mkono nimvute apande. Alipiga kelele! Mkono wake haukuwa wa baridi, ulikuwa wa moto, na ulitetemeka mkononi mwangu kama ndege aliyenaswa. Nikamwachia. Akarudi nyuma hatua mbili, ukungu ukamfunika. Niliita, sikujibiwa. Nikashika kushoto.

Mfereji, nyumba ya pili, lori. Likiwa pale na pua yake, kuku wamelala kwenye kiti cha dereva. Mama mwenye nyumba, Bibi Nakundwa, akanipokea vizuri, akanipa chai, kisha akasema, "Kabla hujagusa lori, ingia kwanza umsalimie mwenyewe."

Mwenyewe? Nikaingia.

Kitandani alikuwa amelala yule mzee. Kofia ile ile. Ila uso umepinda upande mmoja, na mwili mwembamba kama wa mtoto. Nikashika mlango.

"Mama, huyu mzee leo ametoka?"

"Atoke vipi, mwanangu? Huu mwaka wa tatu tangu apate kiharusi. Hata kijiko namshikia, na neno hasemi."

Nilikuwa natazama vidole vyake. Vilikuwa vyeusi kwa masizi na oili, na shuka limeingia alama za vidole. Bibi naye akafuata macho yangu. Alikuwa amemwogesha na kumbadilishia shuka mchana ule ule. Akafunga mlango.

"Umemkuta wapi?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atapiga yowe. Hakupiga. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo:

"Alikuwa anatembea vizuri? Hachechemei?"

"Hachechemei, mama. Alipiga goti na kuinuka mwenyewe."

Akaketi kitandani, akaushika ule mkono mchafu, akamwambia mumewe maneno ya Kipare ambayo hayakuwa yangu kuyasikia. Mzee akanigeuzia macho. Kidole chake cha shahada kikasogea juu ya shuka, polepole, nusu mzunguko, kuelekea kushoto.

Nililala kwao. Asubuhi kweupe nikarudi njia panda, nikaifuata ile ya kulia kwa miguu. Hatua ishirini, kona, kisha hakuna barabara. Mlima umemeguka, na chini kabisa unaona vilele vya migomba. Breki za skuta yangu nazijua. Nisingesimama.

Lori sikulinunua, na watoto nao nimewaomba waliache. Nimelifufua pale pale uwanjani, na kila mwezi napanda kuliwasha, na tunafungua dirisha la chumbani ili asikie. Bibi anasema siku hizo anakula vizuri.

Lakini kuna jambo aliniambia wakati wa kuagana, nalo ndilo linanikosesha raha mpaka leo. Siku ile, mnamo saa kumi, mumewe alipiga kelele kitandani na pumzi ikamkata. Bibi alikuwa ameanza kumfumba macho pumzi ilipomrudia. Saa kumi! Unajua nilikuwa nafanya nini saa kumi?

Kwa hiyo wewe unayependa kupanda milima hiyo na pikipiki, nisikilize. Ukungu ukikukuta, na mzee wa koti la kaki akakwambia zima, zima. Mwamkie. Akikuelekeza, fuata. Muulize lolote la injini, atakujibu. Ila nakusihi, usimshike. Mwache arudi mwenyewe.