Dada Alipoulizia Mahali pa Kufulia

Usiku aliofanyiwa upasuaji dada yangu, nyumbani kwetu hakulala mtu isipokuwa kitinda mimba, naye alilala na viatu miguuni. Simu niliiweka mezani nikaikodolea macho kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Dada alikuwa ameteleza kazini, kwenye sakafu yenye maji ya sabuni, akavunjika nyonga. Mume wangu alijaribu kunitoa hofu. Alisema mfupa wa shemeji yake ni mgumu, na kama kuna wa kuhurumiwa ni daktari. Sikucheka. Alfajiri simu ikaita: ametoka salama, ila kuchuchumaa basi, ndoo basi, ngazi basi.

Dada yangu ni dobi. Mama yetu alifariki mimi ningali mtoto wa kufungwa vifungo, na dada mwenyewe alikuwa msichana tu. Alianza kufua nguo za watu mlango kwa mlango, baadaye akapata kazi ya kufua katika nyumba ya wageni, akakaa hapo mpaka siku alipoanguka. Shule yangu ndogo, chakula changu, hata shuka za kitanda changu cha ndoa, vyote vilitoka kwenye beseni lake. Hakuolewa. Akiulizwa, hujibu kwamba kila aliyekuja kuposa alikuja na nguo chafu. Mtaani kwake wanamwita Bi Povu, na wanangu wanamwita mama mkubwa.

Ana tabia moja ambayo asiyemjua huiona umbeya. Kabla ya kulowesha nguo huigeuza mifuko, huitazama kola, huinusa. Hivyo ndivyo anavyojulia watu hali. Mtu anaweza kukuambia hajambo huku shati lake linasema mengine. Kila alipokuja kututembelea, maji ya kunywa yalimsubiri. Kwanza alikwenda kwenye kapu letu la nguo chafu. Ni yeye aliyegundua kuwa mwanangu wa kati anaficha shuka kwa sababu anakojoa kitandani, akanikataza nisimchape, akasema mtoto ana hofu, mtafute anayemtisha. Nikamtafuta, nikampata. Ni yeye pia aliyemwambia mume wangu kwamba jasho la shati lake ni la homa, wakati mwenyewe anabisha.

Basi ilikuwa wazi kwamba akitoka hospitali atakuja kwetu. Tulikuwa tunaongeza nyumba upande wa nyuma, na juu yake kighorofa kidogo. Chini kulikuwa na chumba cha dada, bafu lake, na stoo ambayo mume wangu, kwa kuwa ni seremala, alishaanza kuijazia mbao. Lililobaki kuamuliwa ni chumba cha kufulia. Mume wangu na fundi bomba walisema kiwe chini, pale kwenye stoo, kwa sababu ukuta ni mmoja na bafu, bomba ni fupi, na ua wenye jua uko hapo hapo. Alikuwa tayari kuhamisha mbao zake.

Mimi nikasema juu.

Fundi bomba alishusha kipimo chake taratibu. Akasema, "Mama, maji hayapendi kupanda. Hata mimi sipendi."

Nikamwambia atayapandisha hivyo hivyo. Sababu sikumpa, na mume wangu nilimpa nusu. Nilimwambia juu kuna upepo, nguo zitakauka upesi. Nusu nyingine ilikuwa dada. Nilijua nikimwekea beseni karibu atafua, na akifua majirani watasema nimemleta dada yangu mgonjwa awe mtumishi. Mikono ile ilikwisha kunifulia vya kutosha. Nilitaka ipumzike, hata kwa lazima, na ngazi ingeniwekea ulinzi nisiokuwa na ubavu wa kuuweka mwenyewe. Fundi akapandisha maji, akinung'unika kila hatua, na mashine yetu ya kufulia ikawekwa huko juu.

Dada akaja na mkongojo wake. Nikamwonyesha chumba, kitanda cha kimo kizuri, dirisha, bafu lenye chuma cha kushikia ukutani. Akasifu kila kitu. Kisha akauliza, "Na mnafulia wapi?"

Nikamwonyesha ngazi, nikicheka, kama mtu anayetoa zawadi. Aliitazama ngazi kutoka chini hadi juu.

Tangu hapo akawa mtu wa samahani. Samahani, naomba maji. Samahani, naweza kuwasha taa? Mlango wake akawa anaufunga mchana kutwa. Mimi dada yangu nimemzoea wa kunituma, wa kunikaripia mbele ya mume wangu, na sasa ananishukuru kwa sahani ya chakula. Nilimchungulia, nikahesabu vijiko anavyokula, nikadhani ni maumivu. Usiku nikasimama nje ya mlango kusikiliza kama anapumua.

Siku moja aliniambia kwa adabu ileile kwamba mguu umepata nguvu, na kwamba mwenye nyumba wake bado anamtunzia chumba alichopanga ila anataka jibu. Atarudi kwake. Nikamuuliza nani atamshika akianguka. Nikamuuliza tumemkosea nini.

"Hamjanikosea. Mmenikirimu," alisema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi umelipandisha jembe ghorofani."

"Dada, nilitaka upumzike."

"Nipumzike na nini? Watu watano mnapita hapo nje na nguo zenu, sijui nani anaumwa, nani analia, nani kafukuzwa kazi. Mnaniambia hamjambo, na mimi naitikia. Hivyo ndivyo mgeni anavyoishi."

Nilikwenda jikoni nikakaa. Nilikuwa nimemfungia dirisha alilozoea kutuonea, kisha nikasimama nje nikishangaa kwa nini kuna giza. Na hofu yangu haikuondoka hata baada ya kuelewa. Nilimwona akiinama, akiteleza tena.

Mume wangu ndiye aliyebisha hodi kwake kesho yake.

"Shemeji, fungua, nimeleta posa."

"Ya nani?" sauti ikauliza ndani.

"Ya mashine ya kufulia. Imechoka kukaa juu peke yake. Mzee mwenzio."

"Ina nguo chafu?"

"Tele."

Akafungua. Tukakaa watatu kitandani, tukapanga. Mbao zitoke stoo, mashine ishuke. Mume wangu alisema atatengeneza meza ya kimo cha kiuno ili asiiname, na kiti chenye mgongo. Nguo mbichi watabeba watoto. Dada akataka ukuta utobolewe, uwe na mlango kutoka chumbani kwake. Nikakubali, kwa sharti moja: komeo liwe upande wake.

"La nini?"

"Siku usiyotaka, usitoke. Hakuna atakayekugongea."

"Na siku ninayotaka?"

Niliutazama mkongojo wake. "Siku hiyo sitakuzuia," nilisema.

Akasema tutaona. Mwenye nyumba wake akapiga simu tena jioni ile, dada akamwambia ampe siku chache. Fundi bomba aliporudi kuyashusha maji aliyoyapandisha, alinisalimia kwa heshima iliyozidi kiasi, nami nikaitikia nikitazama pembeni.

Asubuhi ya kwanza ya kufua niliingia na kapu kwenye iliyokuwa stoo. Sakafu ilikuwa kavu, nilikwisha kuipiga deki na kuipangusa, kisha nikaipangusa tena. Mlango wa dada ulikuwa umefungwa. Nikamwaga nguo mezani, nikaanza kuzitenga, nikigongesha vitu kuliko ilivyohitajika. Mkono ulitaka kubisha, nikautia ndani ya foronya. Nilikuwa nimeahidi.

Kitanda kikalia. Kimya. Kisha mkongojo, polepole, ukaja mpaka nyuma ya mlango, ukasimama. Na mimi nikasimama, shuka mkononi. Nilitamani kumwambia atakuwa salama, na nilitamani kumwambia arudi akalale.

Komeo likavutwa. Dada akatokea, akaitazama meza, akanitazama mimi.

"Sogea huko," alisema. "Nani kakufundisha kuchanganya shuka na soksi?"