Tuliuziwa Nyumba na Popo Ndani

Mnisamehe, mama na dada wasomaji, nimechelewa sana kuandika. Kila nikishika kalamu mtoto analia. Nina miaka ishirini na mbili, watoto wawili, tunakaa komini ya Tshopo, mtaa wa mjini. Ukurasa unifichie jina.

Wakati wa maasi tulikimbilia pori la kwetu, upande wa Isangi. Tuliporudi mjini nyumba yetu ya miti ilikuwa majivu. Mume wangu akasikia kuna nyumba ya matofali ya zamani za Wabelgiji inauzwa. Mwenye kuuza, papa mmoja, mzee Mwislamu wa kofia nyeupe, alitupokea kwa heshima. Chokaa mpya, sakafu inang'aa. Nikagonga kuta, nikatazama mabati, nikafungua bomba la tangi la maji ya mvua. Nikajiona mwerevu. Ila chumba cha nyuma kilikuwa na pazia.

"Pale hapana, mama," akanong'ona. "Mujane wa ndugu yangu iko ndani, iko mu eda. Wageni hawaingie."

Ndani mtu akakohoa. Sisi watu wa mto, Wakristo, tukaogopa kuvunja desturi ya Waislamu. Mume wangu alivua hata kofia. Tukanunua.

Siku ya kuhamia tulianza kufungua mizigo, nikawanywesha watoto maji ya tangi. Mchana ndipo nikavuta lile pazia. Hakuna mjane. Harufu ya mkojo ilinipiga hadi machoni. Dari imelowa, imebonyea, juu yake popo wanakwaruza. Mume wangu akaichoma kwa fimbo, kinyesi kikamwagikia mabegani. Halafu nikapanda kuangalia mfereji wa mabati, ule unaojaza tangi. Umejaa uchafu uleule.

Mtoto wangu mdogo ameharisha na kutapika mpaka macho yamezama.

Jirani alinicheka: "Mujane gani? Ndugu yake iko muzima, anauza samaki pale libongo, kando ya mto! Ule alikohoa ni binti wa kukodisha!"

Baba yangu aliuawa kwenye maasi yale, mama yangu alimzika bila hata mkeka. Na mtu anakodisha ujane ili kuficha mavi ya popo!

Kibaya zaidi ni hiki. Tonton wa mume wangu, mjomba wake, alikuja juzi, akaziba pua, akasema, "Bon, si kazi. Mupake chokaa, muuze. Mama ya watoto alale mu chumba cha nyuma na mutoto, tutasema amezaa juzi. Nani ataingia?"

Nikamgeukia mume wangu. Akatazama miguu yake. "Mama ya watoto, ni kulala tu kidogo."

"Silali mule," nikasema. "Na mtoto wangu halali mule."

Tangu hapo hagusi chakula changu. Jumapili wanunuzi wanakuja kuitazama nyumba, mke na mume waliotoka porini kama sisi, mama ana kichanga mgongoni.

Nampenda mume wangu, amechoka kama mimi. Nishaurini: nimwambie yule mama mnunuzi ukweli mbele ya mume wangu, nimwaibishe mume, au ninyamaze tupate pa kwenda?

Mwenye huruma aache kwenye ofisi ya ukurasa, nitapita kuchukua: waya wa kuziba matundu ya paa, unga wa kiberiti wa kufukizia popo, pipa safi lenye kifuniko, na dawa ya kuharisha ya mtoto wa mwaka mmoja, ambaye ameacha kutapika lakini bado hawezi kusimama.