Niliwafuta Kina Mama wa Stesheni ya Makambako

Nimekosa, na sitafuti tena mahali pa kulificha kosa langu. Nilimtendea ubaya mtu ambaye kwa mila zetu anaruhusiwa kunitukana, nami naruhusiwa kumtukana, na hakuna anayekasirika. Nimempoteza mtani wangu! Nimempoteza kwa vidole vyangu mwenyewe, kwa ajili ya makala ya mtandaoni kuhusu stesheni ya treni.

Usicheke, msomaji. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa habari ya mtu mwingine.

Mimi ni Mbena, binti wa familia ya Kikatoliki kutoka kijiji kimoja cha misheni karibu na Njombe. Wakati huo nilikuwa nikisoma shahada ya uzamili. Yeye nitamwita Zuhura, ingawa silo jina lake. Ni Mngoni na ni Mwislamu. Wazazi wake walihamia Makambako kutoka Songea wakifuata biashara. Kwetu, Mbena na Mngoni ni watani, lakini utani wetu mimi na Zuhura ulitangulia hata ufahamu wetu wa makabila.

Ulianzia stesheni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mgongo akabeba kitu cha kuuza. Mama yangu alileta viazi kutoka kijijini. Mama yake Zuhura aliuza maandazi na chai. Treni ya kutoka Mlimba ilipoingia, abiria waliteremsha mchele madirishani, na kina mama wakapandisha viazi. Debe kwa debe, hakuna aliyetoa noti. Sisi watoto wawili tulilala juu ya magunia, nyuma ya ghala la mizigo, tukisubiri treni ambayo haikuwahi kufika kwa wakati.

Mama yangu alikuwa na mtindo wake. Alikimbia sambamba na behewa, pindo la kanga limebanwa kwa meno, huku akiita kwa sauti ya puani: "Viazi vya baridi, baba! Havijaona jua hivi!" Zuhura alikuwa akimwigiza tangu utotoni, mpaka mama mwenyewe akashika mbavu kwa kicheko.

Tulipokua, Zuhura alifungua duka la intaneti Makambako, karibu na stendi. Ni mwanamke wa sauti kubwa, anayejisifu bila haya, na hakuna mteja anayetoka pale bila kuchokozwa. Siku moja nilipita nikiwa njiani kurudi chuoni, akanivuta mkono mpaka mbele ya kompyuta.

"Kamwene, Mbena!" akanisalimia kwa Kibena. "Kaa hapa usome, ujue Kiswahili kinavyoandikwa."

"Wangoni mmejua kuandika lini? Si mlikuja na ngao tu?"

"Ngao ndiyo iliyowafundisha kukimbia. Soma!"

Nikasoma. Ilikuwa makala juu ya stesheni ya Makambako, katika ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo kila mtu anaweza kuiandika. Alikuwa ameiandika yeye, jioni baada ya jioni, baada ya wateja kuondoka. Ilieleza majengo, baridi ya ukumbi wa abiria, na safari za mizigo. Halafu ikaja aya ndefu juu ya kina mama waliobadilishana viazi na mchele madirishani mwa treni.

Niliisoma aya ile mara ya pili.

Aya hiyo ilikuwa tasnifu yangu! Hayo hasa ndiyo niliyokuwa nimemwahidi msimamizi wangu kuwa ni jambo jipya, ambalo halijawahi kuandikwa popote. Na Zuhura alikuwa ameliandika vizuri kuliko mimi. Sikumwambia. Nilimsifu kwa midomo mikavu.

"Nimeiombea nyota, ile alama ya makala bora," akasema. "Wahakiki wakipitisha, inawekwa ukurasa wa mbele."

Mteja mmoja, dereva wa lori, akadakia: "Nyota yenyewe inakuja na treni, mama. Itachelewa!"

Zuhura akacheka kuliko wote. Tayari alikuwa ameichapa makala hiyo na kuibandika ukutani, ili mama yake, ambaye siku hizi anatembea kwa shida, aoneshwe siku atakayoletwa dukani.

Nilirudi chuoni nikiwa na chuki ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Nilijishawishi kwa hoja, maana ndiyo kazi niliyosomea. Nilijiuliza kama masimulizi yasiyo na rejea yana haki ya kuitwa maarifa. Nilijiuliza kama urafiki unapaswa kunifanya nilegeze viwango. Nilijiuliza maswali mengi ya heshima ili nisijiulize lile moja la aibu.

Kisha nikajisajili kwenye ensaiklopidia hiyo kwa jina la bandia, nikaandika uhakiki.

Niliandika kwamba makala haina vyanzo vya kuaminika, na kwamba ushuhuda binafsi si chanzo. Niliandika kwamba aya ya kina mama ni hadithi ya kubuni, iliyotiwa chumvi na mtu anayetafuta sifa. Niliandika kwamba mabadilishano hayo "hayakuwahi kutokea". Mimi! Mimi niliyekula mchele ule, niliyevalishwa sare ya shule kwa viazi vile!

Wala sikuishia hapo. Mimi ni mtu wa usahihi. Kosa dogo likipita mbele yangu linaniwasha kama upupu. Zuhura alikuwa ameandika kwamba kina mama walikaa chini ya tangi la maji. Si kweli. Walikaa upande wa ghala la mizigo, kwa sababu ukuta wake ulikinga upepo. Basi nami, katika uhakiki ule ule, nikasahihisha! Nikaandika kwa majivuno kwamba hata mahali amepakosea, kwani upande uliofaa ni wa ghala.

Sikuona nilichokifanya. Nilikisoma tena na tena, nikapima kila koma, na sikuona!

Wahakiki wengine, watu wa mbali ambao hawajawahi kukanyaga Makambako, walikubaliana nami. Walisifu umakini wangu. Makala ikanyimwa alama, aya ya kina mama ikaondolewa yote, na kila alichowahi kuandika Zuhura kwenye makala nyingine kikaanza kutiliwa shaka. Mmoja alimwita mzushi. Nilisoma neno hilo nikanywa chai yangu kwa raha. Kwa raha, msomaji!

Zuhura hakubishana. Aliandika sentensi moja tu chini ya uhakiki wangu: "Kama hayakutokea, umejuaje walikaa upande gani?"

Nikaifunga kompyuta. Watoto waliolala nyuma ya ghala lile walikuwa wawili tu, mimi na yeye.

Nilisafiri hadi Makambako nikiwa nimejiandalia utetezi. Nilimkuta akifuta vumbi kwenye kompyuta. Karatasi ya ukutani ilikuwa imebanduliwa. Gundi tu ndiyo iliyobaki, imeacha alama nne.

"Kamwene, Mngoni!" nikasema kwa kicheko cha kulazimisha. "Umekasirika? Nilikuwa nakutania tu!"

Hakugeuka. "Mtani wangu hunitukana nikimtazama machoni. Wewe ulijifunika jina."

"Zuhura, ni mambo ya kitaaluma, kuna kanuni..."

"Mama alikuja juzi. Aliniuliza karatasi iko wapi. Nimwambie nini? Kwamba mtoto wa mwenzake aliyekuwa akimlisha maandazi amesema yeye hakuwepo?"

Nikatazama zile alama nne za gundi.

"Ulikuwa unataka nini? Ungeniambia, 'Zuhura, niachie hili, ni la shahada yangu,' ningelifuta mwenyewe na kukupikia ubwabwa juu yake. Sasa toka. Kuna wateja."

Hakukuwa na mteja hata mmoja.

Nilijaribu kurekebisha. Nilirudi kwenye ensaiklopidia na kuungama kwamba nilisema uongo. Wakanijibu kwa adabu kwamba ushuhuda wangu binafsi si chanzo. Niliyaandika mimi mwenyewe maneno hayo katika uhakiki wangu; walinirudishia kama yalivyo!

Tasnifu nayo ikakwama. Msimamizi alitaka mahojiano na wanawake waliofanya biashara ile. Mama yangu alikuwa mgonjwa, sauti imemwisha. Nikamtuma mtu kwa mama yake Zuhura, maana mimi sikuthubutu kwenda. Jibu likarudi fupi: "Mwambieni msomi kwamba sisi hatukuwepo."

Kisha mama yangu akafariki.

Wanaojua misiba ya kwetu wanajua kazi ya mtani. Wakati wengine wanalia, mtani huingia akipiga kelele, akavaa nguo za marehemu, akaigiza alivyotembea na alivyogombeza, akadai faini kwa wafiwa. Watu hucheka huku machozi yakiwatoka, na kwa muda ule marehemu huwa kama amerudi uani. Nilimsubiri Zuhura. Nilijua hata mwenye hasira haachi msiba wa mtani wake.

Alikuja. Alifika na kina mama wengine wa Makambako, kajifunika mtandio, kabeba unga na kuni kama inavyopasa. Ndugu zangu walipomwona wakaanza kutabasamu kabla hajasema neno. Shangazi akamletea kanga ya mama, ile ya stesheni, akamwambia, "Haya Mngoni, tuamshie mtu wetu!"

Zuhura aliipokea kwa mikono miwili. Akaikunja vizuri. Akaiweka juu ya kiti.

Akaja mbele yangu akanipa mkono. "Poleni sana kwa msiba, dada. Mungu awape subira."

Poleni! Dada! Aliniambia vile unavyomwambia jirani wa ofisini ambaye jina lake hulikumbuki vizuri. Shangazi alinitazama, na nikajua ameelewa kwamba kuna kitu nimekivunja.

Nilimfuata mpaka kwenye mipea, nikapiga magoti mbele ya watu. "Nitukane," nikamwambia. "Nitukane unavyotaka. Lakini mwigize mama. Mara moja tu. Hakuna mwingine anayeijua ile sauti."

Ni kweli. Baba alikuwa shambani miaka ile yote, na wadogo zangu hawakuwa wamezaliwa. Mimi nilijaribu peke yangu baadaye, nikabana kanga kwa meno, na kilichotoka ni kilio.

Zuhura aligeuka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti yake haikutetemeka.

"Nimwigize akifanya nini, dada? Akikimbia wapi? Si uliandika kwamba hayakutokea?"

Akanipita, akaenda kukaa na waombolezaji wengine.

Tulimzika mama bila kicheko, kama mtu asiyekuwa na watani.

Ewe unayesoma, hasa wewe uliyesoma ukapewa kalamu ya kupima kazi za wenzako: usijifunike jina kumharibia mtu ambaye ungeweza kumwomba usoni. Na usikanushe jambo unalolijua kwa sababu tu mwenzako amekutangulia kulisema. Nenda kamwambie leo, angali anakutukana.