Mtandio Ulionunuliwa Pireas

Nilikwenda Ugiriki kumwambia kaka yangu kwamba mama amefariki. Nilikaa naye siku sita, nikala samaki wake, nikapanda naye feri, nikarudi Minnesota sijamwambia. Ukitaka kunitukana, subiri kwanza nimalize, maana yaliyofuata ni mabaya zaidi.

Kaka huyo ndiye ninayemfuata kuzaliwa. Mimi nikiwa darasa la sita Tanga, yeye alizamia: alijificha ndani ya meli ya mizigo na wenzake wawili, na habari yake tukaja kuipata baada ya miezi minane, kwa barua, kwamba yuko Pireas, bandari ya Athens, mzima, anafanya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kukwangua kutu kwenye meli na kuzipaka rangi, na ameifanya karibu miaka thelathini. Makaratasi ya kusafiria hakuwahi kuyapata, kwa hiyo mama hakumwona tena. Walibaki na simu, kila Ijumaa.

Mama alipofariki, kaka yetu mkubwa aliyeko Tanga alitoa amri. Kwetu mtu hapashwi habari ya msiba akiwa peke yake. Huendewa na watu wazima, akakalishwa, akashikwa, ndipo akaambiwa. "Yule kule hana mtu," kaka mkubwa akasema. "Ukimwambia kwa simu atajitupa baharini. Wewe una pasipoti, utakwenda ukamwambie uso kwa uso. Mpaka siku hiyo, mtu asifungue mdomo."

Mimi mwenyewe habari niliipata vibaya. Binamu mmoja alidhani nimeshaambiwa, akaniandikia, "Pole sana dada, mama yetu katangulia." Nilikuwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya kazini Saint Louis Park, hapa Minnesota, nakula mkate wangu wa mchana. Niliusoma ule ujumbe, nikaufunga mkate kwenye karatasi yake, nikarudi maabara. Kazi yangu ni kupima maziwa kama yana vijidudu. Nikapima mpaka saa kumi na moja.

Sikumwambia mtu, na hapa kwetu hilo si jambo dogo. Watanzania wa Brooklyn Park wangejua, wangenijazia nyumba: masufuria ya pilau, misahafu, viatu mlangoni, na simu juu juu zinapiga picha. Picha hizo zingefika Ugiriki kabla pilau halijaiva, kwa sababu wazamiaji wa Pireas wana ndugu zao hapa. Basi nikanyamaza. Harusini watu wakiniuliza, "Mama hajambo?" najibu hajambo, naongeza wali. Nilimlilia mama yangu bafuni, bomba likiwa wazi, kwa miaka miwili.

Miaka miwili, ndiyo. Sababu hazikukosekana: kazi, tiketi, goti, baridi. Kaka akipiga simu nyumbani anaambiwa mama amelala, mama yuko Pangani kwa mama mdogo, mama kakaukiwa na sauti. Mwezi wa tatu mwaka huu kaka mkubwa alinifokea mpaka nikaona haya, nikaenda.

Alinipokea kwenye kituo cha treni, pale pale bandarini. Ndani ya ndege nilikuwa nimejipanga vizuri: nitamkumbatia, nitamkalisha, nitamwambia. Akatokea mzee mwembamba, koti limetapakaa rangi, meno mawili ya mbele hayapo. Akacheka, na kwa kicheko nikajua ndiye.

"We mtoto! Umezeeka!"

"Na wewe je, babu wewe!"

"Bimkubwa hajambo?"

"Hajambo."

Hivyo tu. Tangu najifunza kusema nimefundishwa kwamba ukiulizwa watu wa nyumbani, unajibu hawajambo, ndipo mengine yafuate. Hata mwenye mgonjwa mahututi hujibu hajambo kwanza. Mdomo ulijibu wenyewe. Na ukishamjibu hivyo mtu aliyekushika mabega huku anacheka, unaanzaje kurudi nyuma?

Pireas ni mji wa vilima na ngazi. Nguo zimeanikwa kwenye vibaraza vya ghorofa, na kando ya barabara kuna michungwa imejaa, hakuna anayechuma. Nilichuma chungwa moja nikalimenya, kumbe danzi, kali hilo! Kaka alicheka mpaka akakohoa. Akanipeleka Perama, wanakotengenezea meli, akanionyesha moja imepandishwa nchi kavu, tumbo lote jekundu. "Ile nimeipaka mara nne," akasema. "Huwa inakwenda mpaka Mombasa. Mimi naipaka rangi, yenyewe inakwenda." Alisema bila uchungu wowote. Uchungu ulikuwa wangu.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo, kitanda kimoja, jiko la moto mmoja. Ukutani palikuwa na picha ya mama aliyokwenda nayo ndani ya soksi, mama ana umri mdogo kuliko mimi sasa. Kila asubuhi aliisalimu. "Shikamoo bimkubwa," anasema, kisha anachemsha kahawa. Mimi natazama viatu vyangu.

Siku ya nne tukapanda feri kwenda Aegina, kisiwa cha saa moja na kidogo kutoka bandarini. Nikaapa kwamba humu humu ndani ya feri nitasema. Tukakaa nje, upepo unapuliza, kaka anatupia ndege vipande vya mkate. Nikafungua mdomo. Hapo nikakumbuka maneno ya kaka mkubwa, kwamba atajitupa baharini, nikayaangalia yale maji yalivyo karibu. Nikasema basi, tushuke kwanza.

Kisiwani tulitembea kati ya mashamba ya pistachio, zile njugu za kijani, miti bado haina jani hata moja. Bibi mmoja mwenye nguo nyeusi juu mpaka chini alituuzia mafuta ya zeituni kwenye chupa ya soda. "Ya magoti ya bimkubwa," kaka akaniambia. Nikamuuliza mbona yule bibi kavaa hivyo. "Amefiwa. Hawa wakifiwa huvaa nyeusi, wengine mpaka wanakufa." Mimi nilikuwa na koti la manjano.

Tukakaa kwenye ukuta mfupi wa mawe.

"Kaka," nikasema, "nina jambo."

"Ngoja, mimi kwanza, nimelibeba tangu umefika." Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeficha kitu mgongoni. "Mwezi wa sita napewa karatasi. Mwanasheria kasema safari hii ni kweli. Mwezi wa saba niko Tanga. Bimkubwa sijamwambia, nataka nimpigie hodi tu. Unaona hata sivuti? Nimeacha sigara. Sitaki anikumbatie nikiwa nanuka." Akanipiga begani. "Haya, jambo lako."

"Nina njaa," nikasema.

Siku ya mwisho alinunua mtandio sokoni. Alichagua muda mrefu, anaupapasa huu, anaupeleka ule kwenye mwanga, mwenye duka keshachoka naye. Akachukua wa sufu, rangi ya zambarau iliyoiva.

"Kaka, Tanga na sufu wapi na wapi?"

"Umesahau Julai? Alfajiri bimkubwa anatetemeka akienda kuchota maji ya kutawadha?" Akaukunja, akanipa. "Mpelekee mwenyewe. Mfunike mwenyewe. Usimpe mtu."

Nikamwambia nakwenda Tanga mwezi wa nne. Huo ulikuwa uongo mpya kabisa, sikutumwa na yeyote.

Mwezi wa nne ukafika, mimi niko nyumbani kwangu New Hope, hapa hapa Minnesota, mtandio uko kabatini, na mafuta sikuthubutu kuyafungua. Jumbe zikaanza. Umefika? Nimefika. Kafurahi? Sana. Nipigie nimwone. Mtandao mbovu huku. Basi nitumie picha, moja tu, amejifunika, nitulie.

Ee Mola wangu. Mama alikuwa hapendi kupigwa picha usoni, na hilo kaka analijua. Na wote kwetu wanasema mimi na mama tuna mgongo mmoja. Jumapili asubuhi nilivaa kanga zake mbili nilizokuwa nazo, nikatundika mkeka kuficha friji, nikaondoa kibaniko cha mkate, nikafunika hata swichi ya taa. Nikaiegemeza simu kwenye mfuko wa mchele, nikaitega ijipige yenyewe. Nikakaa kwenye kigoda, nikajitanda mtandio, nikaipa mgongo.

Nilipoiangalia ile picha nilishtuka, kwa sababu alikuwa mama. Bega la kushoto limeinama vile vile. Nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti, bila bomba, mara ya kwanza. Kisha nikaituma. Sijui nilikuwa na akili gani.

Akajibu upesi. "Mashallah. Kapendeza. Kanenepa kidogo." Nikacheka na machozi yangu. Zikapita kama dakika tano, ukaja ujumbe mwingine.

"Hapo pembeni dirishani ni nini?"

Nikaitazama picha tena. Upande wa kushoto, pale mkeka ulipoishia, kilionekana kipande cha dirisha, upana wa kidole. Nje yake ni reli ya kibaraza, na juu ya reli theluji, nene, nyeupe. Ilianguka Jumamosi, ile theluji ya Aprili inayokuja kukukejeli ukiwa umeshaweka ndani koleo la kuzolea theluji. Nilificha friji, kibaniko na swichi. Theluji sikuiona. Miaka ishirini na moja niko hapa, macho yangu yameshaizoea, hayaihesabu tena.

Simu ikaita. Nikapokea, ningekimbilia wapi.

Hakuuliza huyo wa kwenye picha ni nani. Alisema neno moja tu. "Lini?"

"Mwaka juzi," nikasema. "Mwezi wa Rajabu. Alikwenda usingizini, kaka, hakuteseka."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Nikasikia honi ya feri kwa mbali, nikamsikia yeye anavuta pumzi na kushindwa kuitoa. Nikaanza kujitetea, maneno yananitoka hovyo: kaka mkubwa alisema, mimi nilitaka, ulikuwa umefurahi mno, nilishindwa.

"Pale Aegina ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na Idi ile, nilipokwambia umpe mkono wa Idi?"

"Nilikuwa najua."

Nikangoja anitukane. Kwa kweli nilitaka anitukane, nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza nayangoja hayo matusi. Nilimnyima kumlilia mama yake, nikamwonyesha mgongo wangu badala ya mama. Mtu akinifanyia hivyo mimi simpokei simu tena mpaka naingia kaburini.

"Na wewe," akasema. "Wewe ulipoambiwa, nani alikuwa amekushika?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Angeniuliza nani, na huku hakuna aliyejua? Nikamweleza lile gari, ule mkate, yale maziwa niliyorudi kuyapima. Nikamweleza bafu.

"Kwa hiyo hakuna."

"Hakuna, kaka."

"Basi usikate simu."

Sikukata. Alilia chumbani kwake Pireas, mimi nikalia jikoni New Hope nikiwa bado nimejitanda ule mtandio, mpaka simu yake ikaisha chaji.