Helmeti Niliyomchagulia Mama

Mimi ni mtu wa helmeti. Katika kikundi chetu cha pikipiki pale Kitengela, sisi tunaokwenda Magadi na Loitokitok wikendi kwa raha zetu, mtu akitaka kununua helmeti ananipigia mimi simu kwanza. Najua ganda lipi linapasuka na lipi linameza kishindo. Najua kwamba helmeti mpya lazima ibane mashavu mpaka uongee kama mwenye jino bovu, kwa sababu sponji yake hulegea baadaye. Najua kioo kipi kitashika ukungu asubuhi ya baridi ukipita Isinya na malori ya Namanga yakikujia usoni. Hayo yote huyasema kwa sauti, hata kwa watu ambao hawajaniuliza. Mke wangu husema siku nikifa nitataka nizikwe nimeivaa.

Baba alipolazwa Kajiado kwa ajili ya mapafu, mama alibaki nyumbani na mbuzi. Kwetu ni mbali na lami, upande wa pili wa korongo ambalo mvua ikinyesha hakuna gari linalovuka. Mvua ikanyesha. Baba akaendelea kulala hospitalini, na mama hakuwa amemwona tangu wanaume walipomvusha korongo kwa machela. Mke wa kaka yangu, anayekaa naye pale bomani, akanipigia simu akaniambia mama hali chakula vizuri, anataka kumwona mzee wake. Bodaboda hakuwahi kupanda na hakutaka kupanda. Lakini alikuwa amesema pikipiki ya mwanawe atapanda.

Maneno hayo yalinivimbisha kichwa. Siku iyo hiyo nikaenda dukani.

Muuzaji ni Msomali mpole wa rika langu. Ananifahamu, na nadhani ananivumilia.

"Leo ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya mathe."

"Mathe ni mtu mzima? Basi chukua hii ya uso wazi. Wazee wanaipenda, inaingia bila shida."

"Na kidevu je? Akianguka, kidevu nitamwekea mkono?"

"Sawa, bosi. Lakini yeye anavaa nini kichwani? Leso? Ushungi?"

"Hakuna kitu. Kichwa inanyolewa kila mara, ni safi kama yai."

Nilicheka, naye akacheka kidogo kwa heshima. Kisha nikaanza kazi. Nilizishusha karibu zote zilizokuwa ukutani. Nilizijaribu kichwani mwangu mwenyewe, maana kichwa hiki nilikitoa kwake na ukubwa wetu ni mmoja. Nilitikisa, nikainama, nikamwambia muuzaji aivute kwa nyuma aone kama itachomoka. Nilichagua ya uso mzima, nyeupe, yenye mkanda imara wa kidevu na sponji inayokumbatia mashavu. Kabla sijatoka nikaipiga picha nikaituma kwenye kikundi: usalama unaanza na mama. Vidole gumba vikamiminika, na mmoja akaandika kwamba mama yangu amezaa.

Kuuliza si ujinga, sote tumefundishwa hivyo. Nilimuuliza muuzaji kila kitu siku ile, na yule wa kuvaa sikumuuliza lolote.

Kesho yake nilifika nyumbani jua likiwa limepanda. Nilivua helmeti yangu, nikainamisha kichwa, mama akaniwekea kiganja utosini kama anavyowawekea wajukuu wake, ingawa mimi nina mvi. Nikampa zawadi yake. Aliigeuza, akaigonga kwa kifundo cha kidole jinsi anavyogonga kibuyu kuona kama kina ufa, akaniuliza kwa Kimaa kama maziwa yangelala humo bila kuharibika. Mke wa kaka alicheka sana. Mama akainama nimvike.

Helmeti ilifika kwenye paji la uso, halafu nikasikia shaba ikikwaruza.

Masikio ya mama yalitobolewa na kuvutwa tangu utotoni. Ndewe zake zinaning'inia karibu na mabega, na ndani yake ndimo zinamokaa zile isurutia zake, koili za shaba zenye shanga ambazo mwanamke hutiwa akiolewa. Nimelelewa chini ya shaba hizo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikilala mgongoni mwake zikinigonga paji la uso akitembea. Sasa mtu aniambie, mtu mwenye macho mawili na akili timamu anaendaje dukani kumnunulia mwanamke huyo helmeti ya kubana mashavu? Mimi nilienda. Nilikuwa nimeyaona masikio yale kila siku ya maisha yangu mpaka nikaacha kuyaona.

Nilijaribu tena. Niliikunja ndewe moja, nikaisukuma nyingine. Mama akafumba macho kwa uchungu. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa Ngong, na nilijua korongo likijaa hatutavuka, na saa ya kuwaona wagonjwa itapita. Hapo ndipo nikasema, "Yeyo, si uvue hizo kidogo tu? Utazivaa tukifika."

Nilipolisema nililisikia. Sitajitetea kwamba sikujua. Kwetu hata mtoto anajua kwamba mke havui shaba hizo mume wake akiwa hai. Zikitoka masikioni, hiyo ndiyo habari yenyewe. Hakuna atakayetangaza na hakuna atakayeuliza, maana jambo hilo kwetu halitajwi kwa mdomo. Watu huyaona masikio matupu, wakanyamaza, basi.

Mke wa kaka aliuweka chini mtungi aliokuwa ameushika. Mama aliniangalia.

"Unataka nivue?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema, twende bila helmeti mpaka lami, tutajua mbele. Lakini nilikuwa mtu wa helmeti, nimeshawatumia watu picha, na aibu ya kukubali kwamba nilichagua vibaya ilikuwa kubwa kwangu kuliko ile nyingine. "Kidogo tu," nikasema.

Aliingia ndani. Alipotoka, shaba alikuwa amezifunga kwenye pindo la shuka yake, na ndewe zake zilikuwa zikining'inia tupu. Sikuwahi kuziona hivyo. Nilimvika helmeti haraka ili nisiendelee kuziona, nayo ikaingia vizuri kabisa. Hata nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi jinsi ilivyomkaa.

Korongo tulilivuka salama. Kwenye senta ndogo kabla ya lami, pale wanawake wanapouzia maziwa, mama alinigonga bega. Pumzi ilikuwa ikimwishia ndani ya kile kitu. Nikasimama, nikamvua, akaketi kwenye jiwe akapunga hewa kwa mkono. Wanawake wale wote wanamfahamu. Mmoja alikuwa akimimina maziwa, akaacha. Kelele za senta zikafa. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai akavua kofia yake. Wanawake wawili wakaja, wakamshika mama mikono bila kusema kitu, wakamwachia, wakarudi kwenye mitungi yao wakitazama chini.

Na mimi? Mimi nilidhani wameduwazwa na helmeti. Naandika haya uso ukiniiva. Niliinua helmeti ile nyeupe wakaiona vizuri, nikawaeleza kwa Kimaa kuhusu ganda na sponji, na jinsi kidevu kinavyolindwa. Nikawashauri wawaambie vijana wao wa bodaboda. Walinisikiliza kwa adabu kubwa mno. Yule mzee alinishika mkono akasema, "Jikaze." Nikamjibu kwamba barabara si mbaya sana.

Mama alisikia yote hayo. Alikuwa ameshaelewa kilichotokea, na hakusema, maana kukanusha kungekuwa kulitaja jambo lenyewe. Alinyoosha mkono apewe helmeti yake, akaivaa mwenyewe.

Nilipozima pikipiki mbele ya hospitali simu yangu ilikuwa imejaa. Kaka yangu aliye Loitokitok alikuwa amepiga mara nyingi. Nilipompigia alikuwa analia.

"Mbona hukuniambia wewe mwenyewe?" alisema. "Mimi ni wa kuambiwa na watu wa maziwa?"

"Kukuambia nini?"

"Usinifanyie hivyo, bro. Niko stage tayari. Uncle ametoka Namanga, na wale wa Rongai wanatafuta gari."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwambia mzee yuko hai. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ndiyo, ingawa kusema kweli wakati huo sikuwa na hakika. Niliona labda nimemuua kweli, kwa kumtangaza.

Nilimtangulia mama wodini karibu nikikimbia, helmeti mbili mkononi. Baba alikuwa ameketi kitandani, amekonda, ameegemea ukuta, simu yake ndogo kifuani.

"Watu wananipigia," alisema. "Wakisikia sauti yangu wanakata. Wewe, network imekuwa nini?"

Kabla sijajibu mama akaingia. Baba aliyaangalia masikio yake, la kushoto na la kulia. Wagonjwa wa vitanda vya jirani, wengi wao watu wetu, wakageuza nyuso zao ukutani.

"Nimekufa lini?" baba akauliza.

Hakuna aliyecheka. Mama alisogea akakaa kitandani, akafungua pindo la shuka. Baba akaniangalia mimi, akaziangalia helmeti, na nadhani alipata hadithi nzima bila kusimuliwa. Aliniita layioni, yaani mvulana ambaye hajatahiriwa, mbele ya wodi nzima, mimi mwenye watoto wa sekondari. "Layioni," alisema, "ulikuwa na haraka gani?"

Kisha akachukua shaba moja. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa ugonjwa, ilimchukua muda kuipata ndewe, na mama alimwinamishia kichwa akangoja. Muuguzi alikuja na dawa akasimama pembeni mpaka baba alipomaliza sikio la pili. Nilitoka nje. Niliketi karibu na pikipiki nikapokea simu za watu mmoja mmoja, nikiwaambia hapana, yuko hai, ni helmeti tu. Ni helmeti tu. Wengine walicheka, wengine walinitukana, na mjomba alinikumbusha ile ya mdharau kwao.

Nilirudi dukani Kitengela. Safari hii nilinunua ile ya uso wazi, pana masikioni, ambayo muuzaji alinishauri tangu mwanzo. Ile nyeupe niliitundika kwenye ukuta wa stoo, na kwenye kikundi nikaacha kutoa ushauri, hata wenzangu wakadhani naumwa.

Baba alitoka hospitalini, akakaa nyumbani majira ya kiangazi yote akiota jua. Alipenda kuisimulia hadithi ile kwa wageni, na kila mara aliongeza chumvi. Watu wakaizoea. Ikawa mzaha wa eneo letu: mtu akichelewa mahali, wanasema labda amekwenda kuchagua helmeti.

Mvua za baadaye zilipokuja mapafu yalimshinda. Alikufa nyumbani, alfajiri, kwa utulivu. Mama alizitoa shaba masikioni mwake na asubuhi akatoka nje kama desturi inavyotaka, watu wamwone wajue.

Watu walimwona. Jirani aliyekuwa akipita na ng'ombe akamwita kwa furaha kutoka mbali, "Leo mnaenda wapi na pikipiki?" Mwanamke aliyeleta maziwa akacheka akamuuliza kama mwanawe amenunua helmeti nyingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kilichokuwa chake, ile haki ya kunyamaza na bado aeleweke, nilikuwa nimeshakitumia mimi, tena kwa safari ya hospitali. Ikabidi mama alitamke kwa mdomo wake jambo ambalo mwanamke wa kwetu halitamki. Alilitamka kwa jirani, akalitamka kwa mwanamke wa maziwa, akaendelea kulitamka kwa kila aliyekuja akitabasamu. Nilijaribu kusema kwa niaba yake, lakini nikiongea mimi ndio walizidi kudhani ni mzaha.

Hajawahi kunilaumu. Juzi ilikuwa siku yake ya kliniki ya macho, Kajiado, na barabara bado ni mbovu. Nilimpelekea ile helmeti ya uso wazi, niliyomnunulia kwa ajili ya masikio yake. Aliishika, akaigonga kidogo, akanirudishia.

"Baridi inaingia hapa," alisema. "Next time leta ile nyeupe. Sasa itaingia."