Nilimficha Rafiki Yangu Msiba Ili Nikapige Picha Tallinn

Nilimnyima rafiki yangu nafasi ya kumuaga baba yake, kwa sababu sikutaka kukosa safari. Nimeanza na hilo ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia visingizio. Visingizio ninavyo tele, na vyote vinanuka.

Mimi ni mwanamke wa Lubumbashi, kule Kongo, ninaishi Brussels miaka mingi sasa. Nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya mtaa wa Jette: kuosha, kugeuza kitandani, kulisha. Rafiki yangu, nitamwita Clarisse ingawa si jina lake, alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo, na tulikuwa tunakaa nyumba moja huko huko. Kule nyumbani tulikua mtaa mmoja. Baba yake alikuwa ananiita binti yake na mimi namwita papa.

Sasa, sisi watu wa Katanga tukisema tunasafiri Ulaya, tunaenda kulala kwa mtu. Paris kuna shangazi, Liège kuna binamu, Lille kuna arusi. Unabeba sufuria ya sombe, kisamvu chetu, unarudi na sufuria tupu na maneno ya ukoo kichwani. Nilichoka. Nilitaka niende mahali ambapo hakuna anayenijua, nitembee na miwani ya jua na kamera kama wale watalii wanaojazana katikati ya mji wetu wakila gaufre, vile vikeki vya sukari.

Nikauona mji wa Tallinn kwenye video ya simu. Ni mji mkuu wa Estonia, kule juu kwenye Bahari ya Baltiki: kuta za mawe za zamani, minara yenye paa jekundu, vichochoro vya kupigia picha kila kona. Nilimsumbua Clarisse mpaka akakubali. Alikuwa anasitasita kwa sababu baba yake alikuwa anaumwa tension, yaani presha, na yeye ndiye mtoto wa kwanza. Nikamwambia tension si ugonjwa wa kumfungia mtu ndani.

Ijumaa ya safari tulikuwa kituo cha Gare du Midi, tunangoja basi la uwanja wa ndege. Clarisse akaenda kutafuta kahawa. Simu yangu ikalia, namba ya Lubumbashi. Alikuwa mdogo wake Clarisse, wa kiume, ambaye sote wawili anatuita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, Clarisse iko karibu na weye?"

"Apana, ameenda kutafuta kahawa. Kuna nini?"

"Papa ametuacha. Asubui hii."

Nilisikia watu wanalia nyuma yake. Nikashika mkono wa sanduku langu.

"Yaya, usimuambie ku njia. Umurudishe ku nyumba, uite tonton na bamaman ba kanisa, bamuambie akiwa ameikala. Unajua vile tunafanyaka."

"Najua. Uniachie."

Kwetu habari ya kifo haitupwi kwenye simu. Mfiwa anaambiwa nyumbani, ameketishwa, wakubwa kama tonton na akina mama wa kanisa wamemzunguka, wa kumshika wako tayari. Mpaka saa hiyo kila mtu anafunga mdomo, hata ndugu wa tumbo moja. Mdogo wake alikuwa amekwisha kuwafungulia ndugu kundi jingine kwenye simu, bila Clarisse, ili asije akalisoma jambo humo. Ukoo mzima ulikuwa umenyamaza, ukiningoja mimi.

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo sana. Niseme tumbo linaniuma, turudi. Jette si mbali. Lakini nikamwona Clarisse anakuja na vikombe viwili na kofia yake mpya nyekundu, anacheka kwa sababu kahawa imemwagikia mkono, na nikajiambia: mtu amekwisha kufa, akililiwa leo au Jumatatu ni yule yule. Nilijiambia kwa maneno hayo hayo. Basi likaja, tukapanda.

Mji ni mzuri, sitasema uongo, uongo niliosema unatosha. Mawe ya barabarani yamelainika kwa kukanyagwa. Wasichana waliovaa magauni ya kizamani wanauza lozi zilizokaangwa na sukari na mdalasini. Upepo wa baharini unakata masikio. Tulipanda kilimani, mahali ambapo watalii wote wanasimama kupiga picha ya minara, na hapo Clarisse akatoa simu amsalimie baba yake.

Aliyepokea ni mdogo wake. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia yote.

"Papa iko namna gani?"

"Papa analala, yaya. Anapumuzika."

"Bon, usimuamushe. Ukimuona aamuke, umuambie nimefika fasi moja ya ajabu."

Akafunga simu, akaniambia angalau leo analala vizuri. Kisha akarekebisha kofia yake, akaomba nimpige picha na minara nyuma. Nikampiga. Nikamwambia asogee kidogo kushoto.

Jioni mdogo wake akaniandikia: yaya, unangoja nini? Nikamjibu kwamba tonton amekwenda Liège, anarudi kesho. Tonton ni mzee wa familia zetu hapa Brussels, na siku ile alikuwa kwake, anaangalia mpira. Sikuwa nimempigia hata mara moja.

Jumamosi asubuhi Clarisse alikuwa anaoga, simu ikalia tena. Nikatoka nayo kwenye korido ya hoteli.

"Yaya, tunamuzika leo, à quatorze heures. Clarisse njo wa kwanza. Lazima aseme na papa kwa video mbele bafunge sanduku. Bantu bote banamungoja."

Hapo bado ningeweza kusimama. Ningemwambia tuko mbali, angoje kidogo, niongee na Clarisse sasa hivi, chumbani, hata bila tonton. Lakini kama ningemwambia Clarisse asubuhi ile, ingenibidi nimweleze pia ya jana. Kwa hiyo nikatoa uongo mwingine.

"Nimeisha kumuambia jana usiku, bila kungoja tonton. Ameanguka, analia tu, hana nguvu ya kusema. Muzike."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

"Bon. Mumushike muzuri, yaya. Merci."

Alinishukuru. Nikarudi chumbani, Clarisse akaniuliza nani anapiga asubuhi yote hii, nikasema ni watu wa kazini wanataka nibadilishe zamu. Akasema watu hawa hawana haya.

Kabla ya kula tulipita kwenye kanisa moja kubwa la Waorthodoksi, lile lenye vichwa vyeusi vya mviringo. Clarisse ni mtu wa kwaya, hawezi kuona kanisa akapita tu. Akachukua mshumaa, akauwasha, akausimamisha kwenye mchanga pamoja na mingine.

"Hii ni ya papa," akaninong'oneza. "Tension imushuke. Donc tuombe bote."

Akanishika mkono. Na mimi nikaomba. Nilimwomba Mungu amponye mtu aliyekuwa mochari, kwa sauti, macho nimefumba, huku mkono mwingine umebana simu mfukoni isije ikalia. Clarisse akasema amina kwa moyo wote.

Saa nane mchana ya Lubumbashi, walipokuwa wanafunga sanduku la papa, sisi tulikuwa tumekaa kwenye mkahawa wa chini ya ardhi uliotengenezwa kama wa zamani: giza, mishumaa, meza za mbao nzito. Wanaleta supu ya mnyama wao wa porini, mkubwa kama ng'ombe, kwenye bakuli la udongo, bila kijiko. Unainua bakuli unakunywa. Clarisse akainua, supu ikamtiririka kidevuni, akacheka mdomo wazi kabisa, kofia nyekundu imemkaa upande.

Picha ile ilitoka vizuri kuliko zote. Nikaiweka kwenye status yangu, na maneno: niko na dada yangu, tunakula maisha. Nusu ya watu wanaoona status zangu wako Lubumbashi. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilitaka waione, waone nimefika wapi, na sikufikiri hata kidogo kwamba wengine wangeitazama wakiwa makaburini.

Baada ya hapo mdogo wake hakupiga tena. Mimi mjinga nikafurahi kwamba sasa kuna utulivu. Nikanunua lozi.

Tulirudi Jumapili. Jumatatu ndipo nikampigia tonton, nikijifanya habari imenifikia muda huo. Akaja na bamaman wa kanisa, wamefunga vitambaa. Clarisse alifungua mlango, akawaona wote wamesimama na hakuna anayetabasamu, akaanza kurudi nyuma.

"Clarisse, mwanangu, ikala kwanza," tonton alisema.

Alianguka kabla ya kukaa. Nilimshika mimi. Nililia pia, machozi mengi, sijui ya nini. Bamaman wakasukuma meza, wakaweka godoro chini, wakaanza kuimba, na mimi nikaingia jikoni kupika chai na kukata mikate ya watu watakaokuja. Maman mmoja akanifuata, akanishika bega.

"Mungu akubariki, mutoto wangu. Umemuchunga mwenzako sawa ndugu."

Nikajibu amina.

Mchana Clarisse alipata nguvu ya kumpigia mdogo wake. Aliuliza maziko ni lini, awaombe wamngoje kwenye video. Sauti ya yule kijana ilisikika mpaka jikoni.

"Unaniuliza miye? Juzi tulikungoja mpaka bakafunga sanduku. Weye ulikuwa unakula!"

"Nilikuwa nakula nini?"

Akakata. Halafu akamtumia ile picha.

Clarisse alikuja jikoni na simu mkononi. Nilikuwa nakata vitunguu, na bamaman wawili walikuwa pale wanachambua mchele. Hakupaza sauti.

"Ulijua tangu lini?"

Nikaendelea kukata.

"Nakuuliza. Tangu lini?"

"Tangu Gare du Midi."

Nilingoja anipige, nilitaka anipige.

"Na mushumaa?" aliniuliza. "Ulikuwa unajua, na ukaomba na miye?"

Nikaweka kisu chini. Akafungua bomba, akamimina sabuni ya vyombo, akauosha mkono wake, ule alionishika nao kanisani. Akausugua mpaka kiwikoni, polepole, kama tunavyofanya hospitalini tukitoka kwa mgonjwa wa kuambukiza. Akajifuta na kitambaa, akarudi kwenye godoro. Bamaman wakaweka mchele chini, wakatoka mmoja mmoja. Chai niliyopika hakuna aliyekunywa.

Clarisse alihama wiki ile. Yuko mtaa wa Uccle sasa, anamhudumia bibi mzee wa familia moja na kulala huko huko. Jirani wa zamani ndiye aliyeniambia. Nimemwandikia sana, hasomi.

Lakini kunipoteza mimi si hasara kwake. Hasara yake iko kwao. Kule wanajua jambo moja: Clarisse aliambiwa Ijumaa, akakataa kusema neno na baba yake Jumamosi, na saa ya sanduku alikuwa mkahawani anacheka na supu kidevuni. Amewaeleza kwamba hakujua. Hawamwamini, kwa sababu mdogo wake alisikia kwa masikio yake mimi nikisema nimekwisha kumwambia, na nani anaweza kudhani kwamba mtu atadanganya juu ya kitu kama hicho? Siku ya kuondoa matanga waligawana nguo za marehemu. Mtoto wa kwanza hawakumwekea hata shati. Wadogo zake hawapokei simu zake, na shangazi zake wanasema wazi kwamba Ulaya imemla moyo.

Mimi nakula, nalala, naenda kazini. Mikono hii inalisha wagonjwa na wananiambia merci, nami najisikia kinyaa kuona inavyoaminiwa.

Mwezi uliopita nilijikaza nikampigia mdogo wake. Nilimwambia yote, kituo cha basi, korido ya hoteli, tonton ambaye hakuwa Liège.

"Donc yaya hakujua."

"Hakujua."

"Tumemuzika papa tunamulaani dada yetu." Nilisikia anavuta pumzi. "Bon. Sikiya. Miye peke yangu ata nikibaambia, watasema Clarisse amenituma. Dimanche nitaita bote ku nyumba ya papa, bashangazi, bote. Utapiga kwa video. Waone uso yako, useme na mudomo yako."

Nikasema sawa.

Jumapili ile nilivaa vizuri, nikaketi mezani, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Hapakuwa na haja ya mimi kupiga, maana walipiga wenyewe. Ikaita. Ikakatika, ikaita tena. Nilikuwa naona picha ya yule kijana kwenye kioo, na nyuma ya picha ile nilijua kuna sebule imejaa watu walioacha kazi zao kunisikiliza, na wa kupona kwa maneno yangu ni Clarisse. Nikaigeuza simu uso chini mpaka ikanyamaza.

Halafu nikaja kuandika huku mtandaoni, ambako hakuna anayeuona uso wangu.

Ndugu zangu, msinihurumie, na msiniandikie kwamba nimekuwa jasiri. Ukikabidhiwa msiba wa mtu, mrudishe nyumbani saa ile ile, hata kama mguu mmoja umekwisha kupanda basi. Na ukiwa umekosa kama mimi, usiungame kwa watu ambao hukuwakosea.